Sukari ni ya Kuanzia Naibu Mkurugenzi

Si zamani wala si za kale. Ni juzi tu, katika nchi ambayo sitaitaja jina, kwa kuwa raia wake ni watu wapole na serikali yake ina masikio makali. Nchi hiyo ilikuwa na kila kitu ambacho nchi inapaswa kuwa nacho: bendera, wimbo, sanamu katikati ya kila njia panda, na Wizara ya Maradhi na Vyeo.

Msiishangae wizara hiyo. Chanzo chake ni Mlezi wa Taifa mwenyewe, ambaye uzeeni alipatwa na ugonjwa wa sukari, akaupokea kwa heshima zote za kitaifa. Lakini siku moja, msafara wake ukipita sokoni, mtu mmoja asiye na busara akamwambia kwamba hata yule muuza mkaa pale pembeni anao ugonjwa huohuo. Mlezi akanuna. Washauri wake, ambao kazi yao ilikuwa kununa kila anaponuna, wakajifungia kikaoni, na walipotoka walikuwa na Sheria ya Mgawanyo wa Maradhi. Wananchi wa kawaida wakagawiwa malaria, minyoo, kuhara na kikohozi. Walimu wakapewa vidonda vya tumbo, kwa sababu ilionekana tayari wanavyo. Presha ikaanzia kwa mkuu wa idara. Sukari ikaanzia kwa naibu mkurugenzi kwenda juu, na gauti ikaachiwa mawaziri peke yao, pamoja na nyama inayoileta. Yule muuza mkaa naye hakusahauliwa: aliandikiwa malaria, akafa nayo.

Wananchi waliipokea sheria kwa utulivu. Wengi waliona haikubadilisha kitu, maana tangu utotoni walikuwa wakisikia kwamba sukari ni ugonjwa wa wakubwa.

* * *

Kidawa naye aliamini hivyo. Alikuwa mke wa Shamte, fundi cherehani wa Mtaa wa Mwembamba, mtu aliyekuwa na tumbo la haja na kicheko kilichosikika hadi kisimani. Riziki ya nyumba ile ilitoka mguuni. Mguu wa kulia wa Shamte ndio uliosukuma cherehani kutoka asubuhi hadi jioni, ukishona suti za wakubwa na kuzitanua kiuno kila mwaka wakubwa walipotanuka. Mguu huo ndio uliomlea binti yao Tunu hadi akaolewa mbali, na ndio uliolipa kodi ya nyumba na unga wa kila siku.

Kwanza ilikuja kiu. Shamte alikunywa maji hadi mtungi ukalia mtupu, kisha akaanza safari za chooni, akitoka anaingia, akiingia anatoka.

"Baba Tunu, umemeza kisima?" Kidawa alimtania.

"Joto tu, Mama Tunu."

Joto hilo likala tumbo lake. Fundi wa kutanua suruali za watu akawa anapunguza za kwake, akipunguza leo, akipunguza tena wiki ijayo, na mashavu yakamwingia ndani. Nyuma ya choo sisimizi wakaanza kujipanga pale alipokojoa. Kidawa aliwaona, akawamwagia majivu, wakarudi.

Kisha alasiri moja Kidawa alikuwa akifagia vipande vya vitambaa, Shamte akainuka kwenye cherehani kwenda kwenye mtungi, na kitu kikameta chini ya unyayo wake. Kidawa akaacha ufagio, akamshika mguu. Ilikuwa sindano ya cherehani. Ilikuwa imezama nusu nzima, na nyama iliyoizunguka ilikwisha kuwa nyeusi.

"Huumii?"

"Niumie na nini?" Shamte aliuliza, glasi tupu mkononi.

Kidawa akakaa palepale sakafuni na mguu wa mumewe mapajani. Aliogopa, tena aliogopa vibaya, kuliko siku ile nyumba ya jirani ilipowaka moto.

* * *

Dakta Ngwali, mganga mkuu wa zahanati, alimtoboa Shamte kidole, akaweka tone la damu kwenye kimashine. Kimashine kikalia. Dakta akakitazama, akakitikisa, akakitazama tena, kisha akaenda kufunga mlango.

"Mzee, kazi yako nini?"

"Fundi cherehani, dakta."

"Huna cheo chochote? Hata cha zamani? Hata cha chama?"

Shamte akafikiri. "Niliwahi kuwa mwenyekiti wa sufuria kwenye kamati ya harusi."

"Haitoshi." Dakta akakuna kichwa. "Basi kimashine hiki hakina adabu. Nitakuandikia malaria."

"Dakta," Kidawa akaingilia, "mume wangu ametembea na sindano mguuni wala hana habari. Hiyo ni malaria gani?"

"Malaria ya miguu," Dakta Ngwali alijibu, lakini jibu lenyewe lilimtoka kwa shida. Alikuwa amesoma, na kusoma kulikuwa kunamuwasha. Akawasogelea, akaanza kunong'ona harakaharaka: sukari kwenye chai basi, soda basi, mlima wa ugali uwe kichuguu na mboga ndizo ziwe nyingi. Atembee. Mguu uoshwe, ukaushwe hadi katikati ya vidole, utazamwe kila siku, kwa sababu mguu ule ulikuwa umepoteza sauti na usingeweza tena kujisemea. Na kidonda kisidharauliwe hata kidogo.

"Na dawa?"

Dakta akaelekeza kidevu pembeni. Pale palisimama jokofu jeupe lenye kufuli na muhuri wa taifa. Lilikuwa likinguruma.

"Imo humo, imejaa. Lakini ni ya kuanzia naibu mkurugenzi, na katika wilaya hii hatuna naibu mkurugenzi hata mmoja. Kila mwaka inaharibika, tunaizika, tunaletewa nyingine. Mtafutie mumeo cheo, mama. Na haya niliyosema, sikuyasema."

* * *

Mlango wa zahanati ulikuwa wa mbao nyepesi, na benchi la wagonjwa lilikuwa limeuegemea. Kabla Kidawa na Shamte hawajafika nyumbani, mtaa mzima ulikwisha jua, na vigelegele vikawapokea kwenye kona.

"Hongera, shoga!" Mashavu alimkumbatia Kidawa hadi kanga ikamteleza. Mashavu alikuwa jirani yake na shoga yake tangu usichana wao, mwanamke mnene mwenye moyo mweupe. Mkononi alishika sinia la kaimati zilizoloa shira. "Kumbe mlikuwa nazo mkatuficha! Sukari, nyumbani kwa Shamte! Mtaa wetu umepata mkubwa!"

"Mashavu, huu ni ugonjwa. Unaua."

"Unaua wakubwa, shoga. Sisi tunakufa bure."

Wakaja wengine na halua, wengine na soda, na binamu ambao hawajaonekana tangu harusi ya Tunu wakaja na shida zao. Tatizo lilikuwa hili: katika mtaa ule, kumpa mgeni chai isiyo na sukari ni kumwambia aondoke, na kuikataa yenye sukari ni kumtukana aliyeitia. Shamte aliitwa kila nyumba, na kila nyumba alikunywa.

Na hapa lazima isemwe, ingawa inauma kuisema, kwamba Shamte alianza kuona raha. Maisha yake yote alikuwa amepiga magoti kuwapima wakubwa urefu wa suruali. Sasa watu walimpisha kiti. Akaanza kutembea polepole na mkono mmoja mfukoni, na akiulizwa hali anavuta pumzi kwanza.

"Miguu inakufa ganzi," alikuwa akisema. "Ndiyo mambo ya ngazi zetu."

Kidawa aliosha mguu ule, akaukausha katikati ya vidole, akautazama kila asubuhi kama alivyonong'onezwa. Kidonda hakikupona. Kilikuwa kimetulia tu kwa nje na kuchimba kwa ndani. Siku alipomkuta Shamte na kaimati ya Mashavu mdomoni, uvumilivu ukamwisha.

"Baba Tunu, hicho unachokula ni mguu wako!"

Shamte akacheka. Lakini saa ileile alikaa kwenye cherehani, akachukua uzi, akaulenga kwenye tundu la sindano, akaukosa. Akalenga tena. Kidawa alimtazama akihangaika hadi uzi ukalowa jasho, na ndipo fundi yule akaweka mikono usoni akaanza kulia.

"Silioni tundu, Mama Tunu. Sioni."

Kidawa akamtungia uzi. Hakumgombeza tena siku hiyo.

* * *

Wakati huohuo, mjini, Wizara ya Maradhi na Vyeo ilikuwa na matatizo yake. Wafadhili wa ng'ambo walikuwa wametoa msaada ili wananchi wa kawaida waelimishwe kuhusu sukari, na walitaka waonyeshwe angalau mgonjwa mmoja wa kawaida. Kisheria, mgonjwa wa namna hiyo hakuwapo. Kuukataa msaada nako hakukuwapo, maana magari ya kampeni yalikwisha agizwa.

Habari za Shamte zikafika, na Waziri Mshangama mwenyewe akatabasamu. Waziri huyu alikuwa na presha, sukari na gauti, yaani alikamilisha seti, na alichukuliwa kuwa mtaalamu. Akatoa ufumbuzi kabla ya chakula cha mchana: fundi ateuliwe kuwa Kaimu Naibu Mkurugenzi wa Mfano. Akiwa kaimu atakuwa mkubwa kiasi cha kuruhusiwa kuumwa, na atabaki mdogo kiasi cha kuwaridhisha wafadhili.

Katibu wa waziri alikuja Mtaa wa Mwembamba na gari lenye kipaza sauti. Kidawa hakujali gari wala cheo. Alimvuta katibu kando ya mlango.

"Baba, na lile jokofu?"

"Akimaliza Wiki ya Ufahamu wa Sukari vizuri, bila aibu yoyote kwa taifa, anathibitishwa. Akithibitishwa, jokofu linafunguliwa siku hiyohiyo."

Kidawa akapiga moyo konde. Wiki moja. Mguu ungeweza kusubiri wiki moja, alijiambia, na akajilazimisha kuamini.

Shamte akavishwa suti, na pamoja na suti viatu vya serikali, vyeusi, vyembamba mbele, vilivyoshonwa kwa mguu wa mtu mwingine. Kidawa alipotaka kuvivua jioni ya kwanza aoshe kidonda, askari wa itifaki akamzuia. Viatu vya serikali, alimweleza kwa upole, havivuliwi mpaka shughuli ya serikali iishe.

"Vinabana?" Kidawa alimuuliza mumewe.

"Sijui," Shamte alisema. Na kweli hakujua.

* * *

Kilele cha wiki kilifanyika uwanjani. Zilikuwapo ngoma, gwaride, shairi la watoto wa shule na fulana kwa kila mtu zilizoandikwa IJUE SUKARI. Soda zilimwagwa bure na kampuni iliyodhamini. Na katikati ya jukwaa, imefunikwa pazia la rangi za taifa, ilikuwapo keki kubwa kuliko mlango, iliyookwa kwa umbo la kongosho ili wananchi wajielimishe.

Waziri Mshangama akashika kipaza sauti.

"Ndugu wananchi! Sukari haina macho! Sukari haina masikio! Sukari haina kabila wala dini! Lakini sukari ina itifaki! Serikali yenu sikivu imeamua kuipiga vita hadharani, mpaka punje ya mwisho! Kuna watu wanazusha kwamba ugonjwa huu uko vijijini, uko sokoni, uko kwa mama lishe. Nasema waache mara moja! Tumefanya utafiti wa kina katika hoteli zote kubwa, na wagonjwa tuliowakuta humo wote wana vyeo! Mwananchi ukisikia kiu, kunywa maji! Ukienda chooni mara kwa mara, mshukuru Mungu kwamba una choo!"

Uwanja ukalipuka kwa makofi. Kidawa, aliyekaa safu ya mbele katika fulana yake, hakupiga makofi. Alikuwa akitazama kiatu cha kulia cha mumewe. Shamte alikuwa amesimama juani tangu asubuhi, na kwenye mshono wa kiatu kulikuwa na unyevu ambao haukuwa jasho.

Pazia likavutwa, keki ikaonekana, bendi ikapiga. Waziri akakata kipande kikubwa. Na kwa kuwa katika nchi ile shughuli isiyo na kulishana keki haihesabiwi kuwa shughuli, akakipeleka mdomoni kwa Kaimu Naibu Mkurugenzi, kamera zote zikimtazama.

Shamte hakufungua mdomo. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kuitwa mkubwa, aliogopa. Macho yake mabovu yakatafuta safu ya mbele, yakamtafuta Kidawa.

Katibu akainama kwenye sikio la Kidawa. "Aibu kwa taifa, mama," alimkumbusha. "Na jokofu."

Kidawa alitaka kusimama. Alitaka kupiga kelele hadi bendi inyamaze. Lakini akilini aliliona lile jokofu jeupe la zahanati likinguruma na dawa tele ndani, akaona kufuli likifunguliwa kesho asubuhi, na shingo yake ikainama yenyewe kumkubalia mumewe. Shamte akaona, akafungua mdomo, akala. Akalishwa kipande cha pili kwa niaba ya wafadhili na cha tatu kwa niaba ya vijana.

* * *

Asubuhi walikuwa wa kwanza zahanati. Dakta Ngwali alikuwa amepokea maelekezo kutoka juu, na hakuweza kumtazama Kidawa usoni.

"Uthibitisho haujatoka. Waziri amesafiri kwenda kueleza mafanikio ya wiki. Kwa sasa mzee bado ni kaimu."

"Na kaimu anapata nini?"

Dakta akavuta droo, akatoa bomba la sindano jipya likiwa ndani ya nailoni yake. "Kaimu anastahili bomba. Dawa ni ya aliyethibitishwa."

Kidawa alilipokea bomba lile tupu, akalifunga kwenye pindo la kanga. Kisha, kwa kuwa shughuli ya serikali ilikuwa imekwisha, akapiga magoti akakivua kiatu. Harufu ikajaa chumba kizima. Vidole vilikuwa vyeusi, na weusi ulikuwa umepanda hadi juu ya kifundo.

"Vipi?" Shamte aliuliza kutoka kitini. "Kinapona?"

"Kinapona, Baba Tunu," Kidawa alisema. Dakta Ngwali akageukia dirisha akalia kimyakimya, na kulia kwake hakukumsaidia mtu.

Hospitali ya mkoa wakaukata mguu chini ya goti, wakaandika kwamba umeondolewa kwa sababu ya malaria kali. Shamte alirudi nyumbani, akakaa mbele ya cherehani yake, akaisukuma kwa mkono gurudumu likazunguka kidogo likasimama. Hakuomba kuisogelea tena. Sumu ilikuwa imekwisha kuingia damuni, na asubuhi moja, Kidawa akiwa ameinjika uji, Shamte alikata roho bila hata kumwita.

* * *

Redio ilitangaza mchana. Kaimu Naibu Mkurugenzi wa Mfano alikuwa amethibitishwa katika cheo chake, uthibitisho huo ukianzia jana yake, ili ionekane amefariki kwa ugonjwa unaomstahili.

Mtaa wa Mwembamba haukuwahi kuona mazishi kama yale. Jeneza lilifunikwa bendera. Yalikuja magari meusi mengi hadi watoto wakachoka kuyashangilia. Waziri Mshangama alikata utepe wa jokofu pale zahanati, kufuli likafunguliwa mbele ya kamera, na askari wawili wakalibeba sanduku la barafu lenye dawa kwa mwendo wa pole hadi makaburini, wakaliweka ukingoni mwa kaburi.

Kidawa akamwendea waziri. Hakuwa na machozi tena.

"Mheshimiwa, dawa hiyo wapeni wagonjwa wengine. Wapo. Nawajua kwa majina."

"Mama," waziri alisema, akimwekea mkono begani, "dawa hii ni ya marehemu. Serikali yako haiwezi kumnyang'anya mtu haki yake."

Ikashushwa kaburini pamoja naye.

Siku ya kuvunja matanga, waombolezaji walipokuwa wamebaki wachache, Mashavu alikuja kukaa na shoga yake katika kile chumba cha cherehani. Kidawa alimtengea chai. Lakini kabla ya chai Mashavu aliomba maji, akanywa, akaomba mengine, akaenda chooni, akarudi, akaomba tena. Gauni lake la msiba, ambalo Shamte alimshonea likimbana, lilikuwa likimning'inia mabegani. Kidawa akamtazama.

"Mashavu. Hiyo kiu umeanza nayo lini?"

"Wee, acha tu. Muda sasa. Na nyuma ya choo kwangu sisimizi hao!"

"Nisikilize, shoga yangu. Hiyo ni sukari."

Uso wa Mashavu ukachanua. Akaweka glasi chini, akamshika Kidawa mikono yote miwili.

"Niapie!"

"Mashavu, umemwona Shamte..."

"Nimemwona! Magari yale! Bendera ile! Waziri mzima analia kwa leso! Mungu akusikie, Kidawa, na sisi tuzikwe kama watu." Akavuta kikombe chake cha chai, akanyoosha mkono kuchukua kopo la sukari.

Kidawa akalivuta kopo, akaliweka nyuma yake.

Tabasamu la Mashavu likafifia polepole. Alilitazama kopo, akaitazama chai isiyo na sukari, akaelewa kama kila mtu wa mtaa ule angeelewa.

"Unanifukuza? Msibani?"

"Sikufukuzi. Ninakuokoa, Mashavu, kaa nikueleze."

"Nimeelewa. Mmekwisha kuwa wakubwa, hamtaki na wengine tupate." Akajitanda kanga, akasimama, na machozi yalikuwa yakimlenga. "Wewe wa kunifanyia hivi, Kidawa! Wewe!"

Akatoka peku, akikanyaga vipande vya vitambaa ambavyo hakuna aliyevifagia tangu Shamte afe. Kidawa alimwita. Mashavu hakugeuka. Alivuka ua akienda kwao kwa hatua za haraka za mtu aliyekasirika, na kila alipoinua mguu wa kulia, kisiginoni mwake ilimeta pini ya Shamte ya kushikizia vitambaa, imezama hadi kichwani.